Mlango wa kalsiamu: mitokondria inajuaje kuacha?

Mashine ya kemia kwenye maabara ninayofanyia kazi hapa Mtwara, ukiipa seramu ya mtu mzima mwenye afya, kwenye mstari wa kalsiamu itakupa namba iliyo kati ya 2.1 na 2.6, yaani milimoli kwa lita. Karibu nusu ya hiyo imeshikana na protini za damu, hasa albumini. Iliyo huru, ile inayofanya kazi mwilini, ni kama 1.2. Namba hizi nimezisoma kwa miaka mingi, nikazisaini, nikazipeleka wodini. Lakini inayonishughulisha zaidi ni ile ambayo mashine yetu haiwezi kuisoma: kalsiamu iliyo huru ndani ya seli. Seli ikiwa imetulia, ni takriban milimoli 0.0001 kwa lita. Maana yake nje ya seli kuna kalsiamu mara elfu kumi zaidi ya ndani, na kinachotenganisha pande hizo mbili ni utando wenye unene wa nanomita chache.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha sita, tahasusi ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia. Likizo iliyopita alishinda kwangu Shangani na daftari lake la baiolojia. Mchoro wa mitokondria, vile vijumba vidogo vya ndani ya seli, ulikuwa umechorwa vizuri, umepakwa rangi, na chini yake ameandika "kiwanda cha nishati". Akaniuliza, "Mjomba, nimesoma kwamba mitokondria inavuta na kalsiamu. Ya nini sasa, wakati kazi yake ni kutengeneza ATP? Na ikishaanza kuvuta, inajuaje kuacha?"

Maswali yote mawili ni mazuri, ila la pili ndilo lililonikalisha chini kuandika. Watu wamelihangaikia kwa nusu karne, na majibu mengi yamepatikana katika miaka hii ambayo mimi nimo kazini. Mtoto wa Mtwara anayesoma sayansi anastahili kuyapata kwa lugha anayoiwazia, tena kwa kina, badala ya ule mstari mmoja chini ya mchoro.

Kwanza tuelewe kwa nini seli inaikimbia kalsiamu namna hiyo. Ukipita Mikindani ukaziona zile nyumba za zamani za mawe, chokaa iliyoshikilia kuta ni kalsiamu: matumbawe yamechomwa moto, yakawa unga, yakachanganywa na maji. Lita moja ya maji ya bahari ina karibu miligramu 400 za kalsiamu. Viumbe wa mwanzo walianza maisha yao majini, katikati ya madini haya, na ndani ya seli zao kulikuwa na fosfeti tele, kwa sababu ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, ina fosfeti, DNA ina fosfeti, kila kitu cha maana mle ndani kina fosfeti. Kalsiamu na fosfeti zikikutana kwa wingi zinagandana na kuwa kitu kigumu. Mifupa yetu imejengwa hivyo hivyo. Kwa mfupa ni neema, kwa chembe hai laini ni kifo. Kwa hiyo seli ina pampu kwenye utando wake zinazoitoa kalsiamu nje usiku na mchana, na pampu nyingine zinazoifungia ndani ya retikulamu, ule mtandao wa mirija na vifuko uliotapakaa ndani ya seli.

Gharama hiyo ina faida yake. Kwa kuwa kalsiamu ya ndani ni kidogo mno, ongezeko dogo tu linaonekana mara moja, na seli imelifanya kuwa taarifa. Msuli unajikunja kwa sababu kalsiamu imepanda. Neva inamwaga kemikali zake kwenye neva ya jirani kwa sababu kalsiamu imepanda. Yai lililorutubishwa linaanza safari yake kwa wimbi la kalsiamu. Kwenye maabara sisi tunaijua nguvu hii kwa upande mwingine: chupa ya damu yenye kifuniko cha zambarau ina EDTA, dawa inayokamata kalsiamu, na ndiyo maana damu iliyomo haigandi. Pia ndiyo maana huwezi kupima kalsiamu kwa damu ya chupa hiyo. Wanafunzi wa vitendo huwa nawaambia jambo hilo siku yao ya kwanza kabisa.

Sasa tuje kwenye mitokondria. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell alitoa hoja kwamba mitokondria inatengeneza ATP kwa kusukuma protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, nje ya utando wake wa ndani, kisha kuzirudisha kupitia kimeng'enya kinachotengeneza ATP. Wengi walimpinga, lakini mwaka 1978 alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Matokeo ya kusukuma huko ni kwamba utando wa ndani unakuwa na umeme, hadi milivolti 180 hivi, na upande wa ndani ndio hasi. Ioni ya kalsiamu ina chaji chanya mbili. Upande hasi unaivuta kwa nguvu kubwa.

Nguvu kiasi gani? Nilimwandikia mpwa wangu hesabu kwenye kurasa za nyuma za daftari. Kwa ioni yenye chaji mbili, katika joto la mwili, kila milivolti 30 hivi zinazidisha tofauti ya pande mbili mara kumi. Milivolti 180 ni sita za namna hiyo, kwa hiyo kumi sita zikizidishwa pamoja: milioni moja. Umeme huo ungeachwa ufanye utakavyo, kalsiamu ya milimoli 0.0001 iliyo nje ya mitokondria ingelingana na milimoli 100 kwa lita ndani yake. Mia moja! Kabla ya kufika huko mitokondria ingekuwa imeshajaa, imevimba na kupasuka. Lakini wapimaji wakipima kalsiamu huru iliyo ndani ya mitokondria ya seli iliyotulia, wanakuta inakaribiana na ya nje yake.

Mtu wa Mtwara hapa ana mfano wake karibu. Gesi ya Mnazi Bay inapanda kutoka chini kwa mgandamizo wake yenyewe, hakuna anayeisukuma. Kazi yote pale kisimani ni ya valvu. Kalsiamu na mitokondria ni vivyo hivyo. Nguvu ya kuvuta ipo muda wote mitokondria inapopumua. Kinachoamua kalsiamu iingie lini na kwa kiasi gani ni mlango, na mlango huo kwa kawaida umefungwa.

Kuutafuta mlango kulichukua muda mrefu kuliko mtu anavyoweza kudhani. Kwamba mitokondria inavuta kalsiamu kulionekana mwaka 1961 na 1962, na mojawapo ya kazi hizo za mwanzo ilifanyika Marekani kwa mitokondria za figo za panya. Mnamo 1971 ikajulikana kwamba rutheni nyekundu, rangi ambayo wataalamu wa mimea walikuwa wanapakia slaidi zao, inauzuia uvutaji huo kabisa kwa kiasi kidogo sana. Kwa hiyo mlango ulikuwepo, na kizuizi chake kilikuwepo, lakini protini yenyewe haikujulikana. Mwaka 2004, Yuriy Kirichok, Grigory Krapivinsky na David Clapham waliubandua utando wa nje wa mitokondria, wakagusisha mrija mwembamba wa kioo kwenye utando wa ndani na kupima umeme wa kalsiamu ikipita. Walithibitisha kwamba ni njia ya ioni kwelikweli, na kwamba inachagua mno. Potasiamu iliyo kwenye seli inazidi kalsiamu huru zaidi ya mara milioni, hata hivyo mlango huu unaiacha potasiamu na kuchukua kalsiamu. Bado jeni lake likawa halina jina.

Kwa mtu wa maabara, kilichofuata ndicho kitamu kuliko vyote, na nitakaa nacho kidogo.

Kusini huku mbung'o tunawajua. Mapori ya Liwale kuelekea Selous ni makazi yao, na mbung'o ndiye anayebeba vimelea vya malale kwa watu na ndorobo kwa mifugo. Chuoni kila mtaalamu wa maabara hufundishwa kumtambua tripanosoma kwenye slaidi iliyopakwa rangi ya Giemsa. Unasogeza darubini taratibu kati ya seli nyekundu za damu, unamkuta amejikunja kama anaogelea. Katikati ana kiini kilichokoza, ubavuni ana utando unaopepea, na karibu na ncha moja ana nukta ndogo nyeusi, kinetoplasti. Nukta hiyo tunaikariri kama alama ya mtihani. Hasa ni nini? Ni DNA ya mitokondria yake. Tripanosoma ana mitokondria moja tu, ndefu, imeenea mwili mzima, na DNA yake imefungwa pamoja sana hivi kwamba unaiona kwa darubini ya kawaida.

Mwaka 1989 Roberto Docampo na Aníbal Vercesi walionyesha kwamba Trypanosoma cruzi, ndugu wa vimelea vyetu anayesababisha ugonjwa wa Chagas huko Amerika ya Kusini, anavuta kalsiamu kwenye mitokondria yake, na kwamba rutheni nyekundu inamzuia. Ni kama mitokondria zetu kabisa. Upande wa pili, ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1970 kwamba hamira, hii hii ya kuumulia unga wa maandazi, haina uvutaji huo, ingawa mitokondria zake zina umeme kama kawaida.

Hebu tulia uone thamani ya habari hizi mbili zikiwekwa pamoja. Kwenye mti wa uhai, hamira iko karibu na sisi kuliko tripanosoma. Lakini tripanosoma anao mlango, hamira hana. Basi jeni la mlango lazima liwe ambalo binadamu analo, tripanosoma analo, na hamira alilipoteza njiani. Kundi la mtafiti Vamsi Mootha huko Boston lilikuwa tayari, mwaka 2008, limetengeneza orodha ya protini za mitokondria ya panya, zaidi ya elfu moja. Wakachuja orodha hiyo kwa kigezo hicho, zikabaki chache, wakazizima moja baada ya nyingine ndani ya seli ili waone ni ipi ikikosekana kalsiamu haiingii sawasawa. Mwaka 2010 wakatangaza protini iitwayo MICU1.

MICU1 haikuwa mlango wenyewe. Haina sehemu inayoweza kuwa tundu la kupitishia ioni. Ina sehemu mbili za kukamatia kalsiamu, na hilo lilikuwa dokezo kubwa kuliko walivyotarajia, nitalirudia. Lakini kwa kuwa MICU1 ilishapatikana, ilikuwa rahisi kutafuta jeni linaloambatana nayo: linalopatikana kwa viumbe wale wale na kufanya kazi kwenye viungo vile vile. Mwaka 2011 makundi mawili, la Boston na la Rosario Rizzuto huko Padova, Italia, yakafika kwenye jeni lile lile kwa wakati mmoja. Lilikuwa tayari kwenye orodha za majeni kwa jina la CCDC109A, jina lisilosema lolote kuhusu kazi yake. Likapewa jina jipya, MCU. Miaka 50 baada ya uvutaji kuonekana, mlango ulipatikana, na vimelea wa jamii ya wale wa malale walikuwa sehemu ya njia ya kuufikia.

Mwaka 2013 Docampo na wenzake walionyesha pia kwamba Trypanosoma brucei, yule wa kwetu Afrika, akinyimwa protini hii hawezi kukua vizuri kwenye damu. Naona hilo ni jambo la kufuatiliwa na watu wetu wa vyuo vikuu kwa karibu sana. Dawa za malale kwa muda mrefu zilikuwa chache na kali.

Turudi mlangoni. MCU nne hukaa pamoja na kuacha tundu katikati. Kwenye mdomo wa tundu, upande unaotazama nje, kuna pete za amino asidi, yaani vipande vinavyojenga protini, zenye chaji hasi, aspartati na glutamati, na kalsiamu inapita humo ikiwa imeshikwa na chaji hizo. Kisha yupo mlinzi, ambaye ndiye ile MICU1, akiwa amefungamana na ndugu yake MICU2. Wako kwenye nafasi iliyo kati ya tando mbili za mitokondria, kwa hiyo wanapima kalsiamu ya nje kabla haijaingia. Utando wa nje wa mitokondria una vinyweleo vikubwa, kalsiamu inaupita bila shida.

Seli ikiwa imetulia, sehemu za kukamatia za MICU1 ziko tupu, na MICU1 inakaa juu ya mdomo wa tundu. Picha za hadubini ya elektroni zilizotolewa mwaka 2020 zinaonyesha amino asidi zake chanya zikigusana na ile pete hasi ya mdomoni, tundu limezibwa. Kalsiamu ikipanda hadi mara kumi hivi ya kiwango cha utulivu, ioni zinakaa kwenye sehemu za kukamatia, umbo la MICU1 linabadilika, inasogea pembeni bila kuondoka kabisa, na mlango unafunguka. Unafunguka ghafla, kwa kuwa sehemu hizo za kukamatia zinasaidiana: chini ya kizingiti karibu hakuna kinachopita, ukikivuka kidogo kalsiamu inaingia kwa kasi. Na kwa hiyo jibu fupi la "inajuaje kuacha" ni kwamba mlango wenyewe unaisoma kalsiamu. Kalsiamu ya nje ikishuka, MICU1 inaachwa tupu, inarudi mdomoni.

Niseme wazi kwamba wapo wanaolipinga jambo moja hapa. Kundi la Kirichok, yule yule wa 2004, lilichapisha mwaka 2021 vipimo vya umeme vinavyodai kwamba MICU1 haizibi tundu, ila inaongeza kasi yake kalsiamu inapokuwepo. Mimi naona hoja ya kuziba ina nguvu zaidi, kwa sababu seli zisizo na MICU1 zinakutwa na kalsiamu nyingi kwenye mitokondria hata zikiwa zimetulia, na picha za 2020 zinaelekea huko huko. Lakini vipimo vya umeme vya kundi lile si vya kupuuzwa, na mwanafunzi anayesoma mjadala kama huu anajifunza sayansi inavyokwenda.

Yupo mwingine anayeitwa EMRE, protini ndogo iliyopatikana mwaka 2013, ambayo kwa wanyama inamshikilia MICU1 kwenye mlango na bila yake MCU yetu haipitishi kitu. Uthibitisho wake ulinifurahisha sana. Walichukua hamira, ambaye hana mlango, wakampa MCU ya binadamu peke yake: kimya. Wakaongeza EMRE, mitokondria za hamira zikaanza kuvuta kalsiamu. Na iko MCUb, ndugu wa MCU, ambayo ikiingia kwenye kundi la nne inapunguza upitishaji.

Kila kiungo kinapanga kizingiti chake kwa uwiano wa protini hizi. Ini lina MICU1 nyingi kwa kila MCU, kwa hiyo mlango wake hufunguka kwa kalsiamu ya juu zaidi, na kwa ghafla. Moyo una chache, kizingiti chake kiko chini na kufunguka kwake ni kwa polepole zaidi. Ukifikiri kwamba moyo unapandisha na kushusha kalsiamu kwa kila pigo, mara 70 hivi kwa dakika, maisha yote, unaelewa kwa nini haufai kuwa na mlango unaorukaruka.

Hapo mpwa wangu akanishika. "Lakini mjomba, kama mlango unataka kalsiamu ya juu, na wewe umesema seli inaiogopa, si seli nzima itaumia kabla mlango haujafunguka?"

Jibu liko kwenye mahali mitokondria inapokaa. Baadhi ya sehemu za retikulamu, lile ghala la kalsiamu, ziko nanomita chache tu kutoka kwenye mitokondria. Ghala likifunguka, katika ule upenyo mwembamba kalsiamu inapanda mara nyingi kuliko wastani wa seli, mlango wa jirani unafunguka, na muda mfupi baadaye kalsiamu imeshatawanyika. Sehemu iliyobaki ya seli hata haijaguswa vibaya. Hili lilionekana kwa msaada wa konyeza. Osamu Shimomura alikuwa amechukua konyeza wa Aequorea huko Friday Harbor, jimbo la Washington nchini Marekani, na mwaka 1962 akaandika kuhusu protini yao inayotoa mwanga wa buluu ikiguswa na kalsiamu. Wapiga mbizi wetu wa Msimbati wanamjua konyeza kwa mwasho wake. Kwa maabara ni kipimo. Mwaka 1992 Rizzuto, Tullio Pozzan na wenzao waliiingiza protini hiyo ndani ya mitokondria ya seli hai, wakaona mwanga ukipanda kwa kasi ambayo wastani wa kalsiamu ya seli usingeweza kuieleza. Mwaka uliofuata wakaeleza sababu: ukaribu na ghala.

Na sasa lile swali lake la kwanza, ya nini. Tangu 1972 Richard Denton na wenzake huko Bristol, Uingereza, walionyesha kimoja baada ya kingine vimeng'enya vitatu vya mitokondria vinavyoongezwa kasi na kalsiamu: kile kinachoingiza piruveti, zao la sukari iliyovunjwa, kwenye mzunguko wa Krebs, ule mfululizo wa kemia unaotoa nishati kwenye chakula, na viwili vya ndani ya mzunguko wenyewe. Mvuvi anayepiga makasia kutoka feri kuelekea Msangamkuu mkondo ukiwa kinyume, kalsiamu inayoukunja msuli wa mkono wake ndiyo hiyo hiyo inayoingia mitokondria na kuharakisha uzalishaji wa ATP itakayolipia mkunjo huo. Msuli hausubiri akiba iishe ndipo uanze kuitafuta. Kazi na malipo yake vinaanza na ishara moja. Hii ni sehemu ambayo ningependa kila mchoro wa mitokondria shuleni uionyeshe, hata kwa mshale mmoja.

Iliyoingia lazima itoke. Protini iitwayo NCLX, iliyotambuliwa mwaka 2010, inatoa kalsiamu na kuingiza sodiamu. Ni ya polepole kuliko mlango wa kuingilia, ndiyo maana mlango usipofungwa vizuri hakuna pampu inayoweza kuokoa hali. Watafiti waliifuta NCLX kwenye mioyo ya panya wakubwa, wengi wakafa ndani ya wiki chache.

Kalsiamu ikijaa kupita kiasi, tundu jingine, kubwa, linafunguka kwenye utando wa ndani, umeme unapotea, ATP inakoma, mitokondria inavimba, seli inakufa. Kwenye shambulio la moyo hatari hii inakuja hasa mshipa unapozibuka. Damu inarudi, oksijeni inarudi, mitokondria inapata umeme wake tena, na nje yake seli imejaa kalsiamu iliyoingia wakati pampu zimelala. Nguvu ya kuvuta na kalsiamu tele zinakutana kwa pamoja. Hivyo tiba inayookoa moyo ina dakika zake za hatari, na ndiyo sababu watafiti wengi wanatafuta dawa ya kuufunga mlango huu kwa muda mfupi tu.

Upande wa watoto, mwaka 2014 ilichapishwa habari ya familia ambazo watoto wao walizaliwa bila MICU1 inayofanya kazi. Misuli yao ilikuwa dhaifu, walipata shida ya kujifunza, na baadhi yao viungo vilikuwa vinacheza bila hiari. Damu yao ilionyesha kimeng'enya cha CK kikiwa juu, kipimo tunachokijua sisi wa maabara, dalili kwamba misuli inaumia. Seli zao zilikuwa na kalsiamu nyingi ndani ya mitokondria hata zikiwa zimetulia. Mlango wao ulikuwepo, mlinzi ndiye aliyekosekana. Kila ninaposoma habari ile nawafikiria wazazi waliohangaika na watoto wao hospitali hadi hospitali bila jina la ugonjwa.

Mpwa wangu alisharudi shule, lakini wiki hii amenitumia ujumbe kwa simu ya mwalimu wake wa zamu. "Shikamoo mjomba. Nimesoma kuna panya waliofutiwa MCU na wakaishi. Sasa mlango una kazi gani?"

Marahaba mama. Ni kweli, mwaka 2013 walizaliwa panya wa namna hiyo, ingawa kwenye ukoo mmoja wa panya mimba zao hazikufika, na kwenye ukoo mchanganyiko walizaliwa pungufu ya matarajio. Waliozaliwa walikula, walitembea, walionekana wazima. Walipopimwa nguvu za misuli ndipo wakaonekana dhaifu. Kisha mwaka 2015 ikafutwa MCU kwenye moyo tu wa panya wakubwa. Wakiwa wametulia, mapigo na nguvu za moyo zilikuwa sawa na za wenzao. Walipopewa dawa inayofanya kazi kama adrenalini, mioyo ya wenzao ilipanda mara moja, yao ikachelewa, na ilichukua muda mrefu kuwafikia. Kwa hiyo ukilifikia swali hili kwenye mtihani, usiandike kwamba mitokondria haiwezi kutengeneza ATP bila mlango huu. Andika kwamba bila mlango huu haiwezi kuongeza kasi kwa wakati.